Jinsi ya kupima kazi ya mazingira kwa matembele ya shina mama moja

Katika masoko ya Lubumbashi, katika eneo la Katanga nchini Kongo, mafungu mawili ya matembele yanaweza kuwekwa kwenye meza moja, moja likiwa na majani mapana, laini, ya kijani kilichokolea, na lingine likiwa na majani madogo, magumu kidogo, yenye wekundu kwenye mishipa. Wanunuzi wengi, na hata wakulima wenyewe, husema kwamba hizo ni mbegu mbili. Huenda ni kweli. Lakini huenda pia marando yote, yaani mashina yatambaayo ya kiazi kitamu, yalikatwa kwenye shina moja miaka michache iliyopita, mengine yakapandwa bondeni karibu na maji na mengine kwenye udongo mwekundu wa mteremkoni, na kwa kuangalia tu hakuna awezaye kusema lipi ni lipi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kujua kwa kupima, kwa vifaa vinavyopatikana uani, na umeandikwa kwa ajili ya walimu wa biolojia, wanafunzi wao, na wakulima wanaotaka kuchagua mbegu bila kubahatisha.

Msingi wa kazi yote ni huu. Kiazi kitamu hupandwa kwa rando, muhogo kwa kipande cha mti wake, ndizi kwa chipukizi, na kila mmea unaopatikana kwa njia hiyo hubeba jeni zilezile za mama yake, isipokuwa pale ambapo jeni imebadilika yenyewe, jambo ambalo hutokea mara chache. Mahindi na maharage huzaliwa kwa mbegu, na hasa kwa mahindi kila punje ni mchanganyiko mpya wa baba na mama, kwa hiyo mashina mawili yanapotofautiana huwezi kujua ni urithi au ni shamba. Ukitumia marando ya shina mama moja, urithi unakuwa mmoja kwa wote, na tofauti inayojitokeza inabaki na sababu chache tu za kuchunguzwa: mazingira, ugonjwa, au hali ya kipande kilichopandwa.

Njia hii si ngeni katika sayansi. Mwaka 1940 wataalamu wa mimea Jens Clausen, David Keck na William Hiesey walichapisha kazi yao ya California, ambako waligawanya mimea ya porini vipande vipande na kuipanda katika bustani tatu: Stanford, karibu mita 30 juu ya usawa wa bahari, Mather, karibu mita 1,400, na Timberline, karibu mita 3,050. Vipande vya mmea mmoja vilitofautiana kimo na wakati wa kuchanua kutoka bustani hadi bustani. Hata hivyo, mmea wa nchi ya chini haukugeuka kuwa mmea wa mlimani kwa sababu tu ulipandwa mlimani. Mambo hayo mawili, yaani kwamba mazingira hubadilisha umbo na kwamba urithi huweka mipaka ya badiliko hilo, ndiyo utakayoyaona katika ndoo zako.

Hatua ya kwanza: pata shina mama na uzidishe marando yake

Usinunue fungu la marando sokoni. Fungu moja hukusanya marando ya mashina mengi, pengine ya mashamba matatu tofauti, na jaribio likianza hivyo limeharibika kabla ya kupanda. Nenda kwenye shamba au bustani unayoifahamu, uchague shina moja lenye afya, ufuate rando lake kwa mkono kutoka kwenye mzizi hadi kwenye ncha ili uwe na hakika kwamba ni lake, kisha ulikate. Shina lenye majani yaliyojikunja, yenye mabaka ya njano, au lililodumaa kati ya wenzake wanaostawi, liache, kwa sababu dalili hizo mara nyingi ni za virusi, na virusi husafiri ndani ya rando kutoka mama hadi kwa watoto wote.

Shina moja halitoshi kwa jaribio zima, na hata kama lingetosha, kipande cha nchani na kipande cha karibu na mzizi havianzi sawa: kile cha nchani ni kichanga na hushika haraka, kile cha chini kimekomaa na huchelewa. Kwa hiyo panda kwanza vipande vyote kwenye kitalu kimoja, mahali penye jua na udongo wa aina moja, uviache vizidi. Watu wengi huiruka hatua hii kwa haraka ya kuona matokeo, nami nashauri isirukwe kamwe, kwani ndiyo inayofuta tofauti ambazo marando yalikuja nazo kutoka shambani. Kitalu kikianzishwa mwezi wa Machi, mvua za mwisho hukusaidia, na kufikia Agosti utakuwa na ncha za kutosha.

Hatua ya pili: chagua majira

Lubumbashi iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha zaidi kuanzia Novemba hadi Machi au Aprili, na kiangazi hushika kuanzia Mei. Wakati wa mvua huwezi kuamua ndoo ipi ipate maji na ipi ikose. Usiku wa Juni na Julai una baridi, na kiazi kitamu, ambacho ni mmea wa nchi za joto, hupunguza sana ukuaji. Kipindi kinachofaa ni kuanzia mwanzoni mwa Agosti hadi katikati ya Oktoba, joto linapopanda na mvua bado haijafika.

Hatua ya tatu: andaa makundi manne

Kundi la kwanza ndilo la kulinganishia: jua kamili, maji ya kutosha, udongo wa kawaida. Kundi la pili litofautiane nalo kwa kivuli peke yake, la tatu kwa maji peke yake, la nne kwa udongo peke yake. Ukibadilisha mambo mawili kwa pamoja, hutajua lipi lilifanya kazi. Weka ndoo nane katika kila kundi, za lita 10 na zenye matundu chini, au bidoni, yaani madumu, zilizokatwa katikati mradi zote ziwe za ukubwa mmoja. Chekecha udongo wote, uuchanganye kwenye turubai moja hadi uwe sawa, ndipo ujaze.

Kwa kundi la udongo, Katanga imetujalia kitu ambacho sehemu nyingi hazina, nacho ni vichuguu vikubwa vya mchwa vinavyofikia mita kadhaa kwenda juu. Udongo wa kichuguu una mfinyanzi mwingi kuliko udongo unaokizunguka, na kwa kawaida una kalisi zaidi na uchachu mdogo zaidi. Changanya nusu ya udongo huo na nusu ya udongo wa kawaida, kwa sababu ukiutumia peke yake hukauka na kuwa mgumu kama tofali, nao kweli ndio watu wanaoufyatulia matofali. Fahamu tangu mwanzo kwamba kundi hili halitakuambia kama tofauti imetokana na madini au na jinsi udongo unavyoshika maji na kubana mizizi. Litakuambia tu kwamba udongo ule, kwa jumla yake, umefanya kazi. Tena, usichukue udongo karibu na mabaki ya migodi au mahali ambapo moshi wa viwanda vya shaba umetua kwa miaka mingi. Shaba ikizidi huifupisha mizizi na kuyafanya majani yawe ya njano, na mboga za majani zinaweza kunyonya metali ambazo hazifai kufika mezani.

Kundi la kivuli linahitaji uangalifu zaidi kuliko yote. Wengi hufikiri kwamba inatosha kuziweka ndoo chini ya mwembe. Lakini kivuli cha mwembe ni mambo mengi kwa wakati mmoja: hupunguza mwanga, hupoza hewa, hudondosha majani na utomvu wa wadudu, na hata mwanga unaopita kati ya majani yake si mwanga uleule wa juani. Majani hunyonya mwanga mwekundu na kuruhusu ule mwekundu wa mbali kabisa, ambao macho yetu hayauoni vizuri, upite. Nao mmea wa chini hupokea taarifa hiyo kwa kemikali iitwayo fitokromu na kutambua kwamba kuna jirani aliyemfunika. Kama unataka kupima upungufu wa mwanga peke yake, jenga kichanja cha miti minne, utandaze juu yake magunia ya makaa yaliyofumuliwa, uache pande zote wazi ili hewa ipite. Jenga vichanja viwili katika pembe mbili tofauti za ua, ndoo nne chini ya kila kimoja; ukijenga kimoja tu, tofauti yoyote inaweza kuwa ni ya ile pembe ya ua, si ya kivuli.

Ndoo ipi iingie kundi gani, amua kwa kura. Andika namba kwenye karatasi, uzikunje, mtoto azichague. Tukichagua wenyewe, mkono wetu hupeleka kipande kizuri mahali tunapotaka pashinde, hata bila kukusudia.

Hatua ya nne: panda

Kata ncha pekee, zenye urefu wa sentimita 25 hadi 30 na idadi ileile ya vifundo, uondoe majani ya chini, ufukie vifundo viwili au vitatu. Kwa wiki mbili za kwanza, makundi yote yakae pamoja kwenye kivuli chepesi na kupata maji sawasawa, ili kila kipande kitoe mizizi. Kata vipande vichache vya akiba kwa ajili ya vitakavyokufa.

Siku ya kuhamishia ndoo kwenye makundi yake, funga uzi wa rangi kwenye rando, hapo hapo chini ya jani changa kabisa lililokwisha kufunguka. Jambo hili dogo hubeba nusu ya usahihi wa kazi yako. Jani hupangiwa unene wake na idadi ya tabaka zake za seli likiwa bado changa. Likishakomaa juani halitageuka kuwa jani la kivulini hata ukilifunika mwezi mzima, isipokuwa rangi yake tu. Majani ya chini ya uzi yalizaliwa katika mazingira ya zamani, na ya juu ya uzi katika mazingira mapya. Ukiyachanganya yote katika hesabu, tofauti iliyopo itaonekana ndogo au haitaonekana kabisa. Isitoshe, kwenye rando moja utaona kwa macho mpaka huo: pingili fupi, kisha uzi, kisha pingili ndefu, pingili ikiwa ni ile sehemu ya rando kati ya kifundo na kifundo.

Hatua ya tano: mwagilia kwa mizani

Kivulini udongo hukauka polepole, na udongo wa mfinyanzi hushika maji kwa muda mrefu. Ukizimwagia ndoo zote nusu lita kila siku, utakuwa umebadilisha maji ya makundi ambayo hukukusudia kuyabadilisha. Njia ya haki ni mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza nyama. Lowesha kila ndoo hadi maji yatiririke chini, iache ichuje usiku kucha, uipime asubuhi na uandike uzito wake ubavuni. Kila baada ya siku mbili ipime tena na uirudishie maji iliyopoteza. Kilo moja iliyopungua ni lita moja ya maji. Kundi la ukame lirudishiwe nusu tu ya kilichopungua.

Waambie watu wa nyumbani mapema kwamba matembele haya hayachumwi. Ncha ikikatwa, rando hutoa matawi ya pembeni na hesabu ya pingili hupotea. Weka pia uzio dhidi ya mbuzi na kuku.

Hatua ya sita: pima

Baada ya wiki sita, tumia jani la tano kutoka nchani kwa kila shina, daima la tano, kwa kuwa majani ya umri tofauti hayalinganishwi. Pima urefu na upana wake kwa rula. Lilaze kwenye karatasi ya mraba, lichore, uhesabu miraba ili upate eneo. Pima pingili tano za kwanza juu ya uzi. Hesabu majani yote ya juu ya uzi.

Unene wa jani hauonekani kwa rula, lakini kuna njia rahisi. Noa ukingo wa kifuniko kidogo cha bati, utoboe nacho maduara sita au saba kwenye kila jani hilo la tano, ukikwepa mshipa mkubwa wa katikati, hadi upate maduara 50 kutoka kila kundi. Yakaushe kivulini hadi yavunjike kwa vidole, kisha uyapime yote pamoja kwenye mizani ndogo. Eneo ni lilelile kwa makundi yote, kwa hiyo kundi lenye uzito mkubwa ndilo lenye majani mazito.

Kwa kila kipimo andika wastani wa kundi, na pamoja na wastani andika kipimo kidogo kabisa na kikubwa kabisa. Kama pingili za kivulini zinaanzia pale ambapo za juani zinaishia, una jambo la uhakika. Kama vipimo vinaingiliana sana, usikimbilie kutangaza tofauti.

Unachoweza kutegemea kuona

Kivulini, pingili hurefuka, majani huwa mapana lakini yenye unene mdogo, na mizizi hupungua. Mmea unaokosa mwanga huruhusu homoni zake za ukuaji, ikiwemo auksini, kurefusha shina kuutafuta mwanga, na hutandaza jani pana kwa gharama ndogo ili kunasa mwanga uliopo. Juani jani hujengwa kwa seli ndefu zilizosimama karibu karibu, likawa dogo zaidi lakini zito.

Kwenye ukame, kinachopungua kwanza ni ukubwa wa jani, kwa sababu seli hutanuka kwa msukumo wa maji ndani yake, na msukumo huo hushuka kabla mmea haujaacha kutengeneza chakula. Stomata, yaani vile vitundu vya jani vinavyopitisha hewa na mvuke, hufungwa kwa amri ya homoni inayoongezeka pale mmea unapokosa maji. Ukizing'oa ndoo mbili za kila kundi mwishoni na kuosha mizizi, utakuta kwamba sehemu ya mizizi kulinganisha na majani ni kubwa zaidi kwenye ndoo za ukame.

Kwenye udongo wa kichuguu, tegemea majani mengi na ya kijani zaidi, ingawa vichuguu havifanani na matokeo yako ndiyo yatakayosema.

Hatua ya saba: mzunguko wa pili

Hapa ndipo swali la mwanzo hujibiwa, na ni bahati mbaya kwamba majaribio mengi ya shuleni hukoma kabla ya kufika hapa. Kufikia sasa umeona kwamba mashina ndugu yametofautiana. Bado hujaona kama tofauti hiyo itaendelea. Kata ncha kutoka kila kundi, uzipande zote kwenye tuta moja, udongo mmoja, jua moja, ukizichanganya kwa kura na kuzitia vibao vya namba, kisha usubiri wiki sita hadi nane. Mvua zikianza wakati huo si neno, kwani zitawanyeshea wote.

Majani ya kwanza yatakudanganya kidogo. Rando lililotoka kwenye ndoo yenye rutuba lina akiba, nalo huanza kwa kasi, ilhali lile la ukame hujikongoja. Funga tena uzi baada ya wiki tatu na upime ya juu yake peke yake. Mara nyingi utakuta pingili zimefanana, majani yamefanana, na mtu asiyejua vibao hawezi kutenganisha rando lililotoka kivulini na lililotoka juani. Basi mazingira ndiyo yaliyokuwa yakifanya kazi, na jeni hazikuguswa.

Usichanganye jambo hili na mimea ya vilima vya shaba vya Katanga, kama vile Haumaniastrum katangense, inayomea pale ambapo mimea mingine hufa kwa wingi wa metali. Mmea huo huzaa kwa mbegu, na uwezo wake ni wa urithi uliochujwa vizazi vingi. Rando lako likikaa msimu mmoja kwenye udongo mbaya halipati uwezo kama huo wa kuwapa watoto wake.

Kama tofauti haitoweki

Panda mzunguko wa tatu kabla ya kuamini. Tofauti ikibaki, shuku virusi kwanza: majani yana mabaka, yamejikunja, mmea umedumaa. Kama mmea una afya na tofauti ni moja, iliyo wazi, kama rangi ya ganda la kiazi au ya nyama yake, huenda ni badiliko la jeni katika kichipukizi kimoja. Kiazi kitamu kina kromosomu 90, yaani nyuzi zinazobeba jeni, katika seti sita, na wakulima na watafiti wamekuta mara nyingi mabadiliko ya namna hiyo ndani yake. Aina kadhaa mpya zilianza kwa rando moja lililozaa viazi vya rangi tofauti na wenzake.

Ipo pia njia ya tatu, ambayo herufi za jeni hubaki zilezile ila alama za kikemikali zinazoiwasha au kuizima hubadilika na kurithiwa katika vipande. Mfano unaojulikana vizuri ni wa michikichi ya mawese iliyozidishwa maabara: baadhi ya miti ya kloni moja, yaani iliyotoka kwa mama mmoja bila mbegu, ilizaa matunda yenye kasoro na mafuta machache, na mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba chanzo kilikuwa kupotea kwa alama hizo kwenye kipande kimoja cha DNA walichokiita Karma. Uani kwako hutaweza kutenganisha hali hii na badiliko la jeni lenyewe, kwa hiyo andika tu ulichokiona.

Rando la namna hiyo litenge kwenye tuta lake, umbali wa mita kadhaa na mengine ili marando yasitambae na kuchanganyikana, ulipe namba, na uandike siku lilipokatwa, shina lilikotoka na kila lilimopandwa. Zidisha kutoka kwenye tawi lililobadilika peke yake, kwa kuwa shina moja linaweza kuwa na tawi lililobadilika na lingine la zamani kwa wakati mmoja. Marando ya mama wa kwanza yaendelee kupandwa kando yake kila msimu, kwenye udongo uleule, ili daima uwe na cha kulinganisha nacho.